Kizuri Chajiuza? Kupiga Debe na Kuonjesha katika Matangazo ya Likizo, Jinja na Mbale

Wenye nyumba za wageni, waongoza watalii, wenye mashua, nanyi wanafunzi wa hoteli na utalii: leo tunazungumza Kiswahili, lugha ambayo hapa Mbale imezoeleka sokoni na stendi kuliko kwenye ukumbi wa mihadhara.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukiikubali methali hii kama ilivyo, mazungumzo yetu yamekwisha kabla hayajaanza. Mwenye maporomoko mazuri akae kimya, wageni watamfuata. Anayepaza sauti stendi ana kasoro anayoificha. Nimekuja kuipinga nusu ya pili ya methali hiyo, na nusu ya kwanza kuitilia shaka. Katika biashara ya likizo, kimya kizuri kimewahi kuficha mengi kuliko kelele.

Wanaotangaza likizo hutumia njia mbili. Ya kwanza nitaiita kupiga debe. Inataja bei, tarehe na idadi ya nafasi, kisha inakutaka uamue sasa hivi. Ya pili nitaiita kuonjesha. Inakupa picha, wimbo, kisa au hisia, haikuombi chochote, inakuacha ujiambie mwenyewe kwamba ungependa kuwa pale.

Chukueni mfano wa kubuni. Krismasi inakaribia na mwenye hoteli ya Jinja anataka kujaza vyumba vyake. Bango lake la kwanza linasema: usiku mbili, watu wawili, shilingi 600,000, kifungua kinywa na mashua hadi chanzo cha Nile vimo, ofa inafungwa tarehe 20 Desemba, piga simu. Bango la pili lina mtumbwi alfajiri, ukungu juu ya maji, mwanamke amekaa kibarazani na kikombe cha chai, na neno moja tu chini yake: Pumzika. Nikiwauliza ni lipi lenye adabu, wengi mtanyoosha kidole kwenye la pili. Nami nakubali. Lakini la kwanza ndilo ambalo mteja anaweza kulipeleka mahakamani. Mashua isipokuwepo, atalishika bango na kusema: mliniahidi mashua. Mwenye bango la pili atadaiwa nini? Ukungu?

Ahadi ni deni, na tangazo ni ahadi inayotolewa hadharani kwa watu wasiojulikana. Kwa hiyo kipimo ninachowaletea si sauti ya tangazo. Ni deni lake: tangazo limeahidi nini, na mgeni akikosa, nani atalipa?

Ugomvi wa njia hizi mbili ni wa zamani. Mwaka 1904 John E. Kennedy alimshawishi Albert Lasker, wa kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas mjini Chicago, kwamba tangazo si kitu kingine ila muuzaji aliyechapishwa kwenye karatasi. Claude Hopkins akaijenga fikra hiyo kuwa kanuni katika kitabu chake cha 1923, na Rosser Reeves akaisukuma mbele zaidi mwaka 1961: kila bidhaa itoe dai moja ambalo mshindani hana, na lirudiwe hadi likae kichwani. Upande wa pili alikuwepo Theodore MacManus, ambaye mwaka 1915 aliandika tangazo maarufu la Cadillac lisilotaja gari hata mara moja. Katika miaka ya 1950 David Ogilvy alipewa kazi ya kuitangaza Puerto Rico, kisiwa ambacho Wamarekani wengi walikiona kama makao ya umaskini. Alikiuza kwa sanaa, muziki na utulivu wa nyumba za kale. Tangu hapo, nchi zinazotafuta watalii zimejifunza kuuza sura zao kwanza na chumba baadaye.

Kwetu sisi somo hilo lilitangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20, Reli ya Uganda ilichapisha bango kwa wasomaji wa Uingereza likiwa na wanyama wa porini, na likisema kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki zimekuwa mahali pa mabwana wakubwa kukimbia kipupwe cha kwao. Kilichouzwa pale ni hadhi: ukienda, nawe utahesabika miongoni mwao. Reli yenyewe ilifika Kisumu mwaka 1901 na kukomea hapo kwa muda mrefu. Jina lilikuwa la Uganda, na nyanda zilizosifiwa ni za nchi ambayo leo tunaiita Kenya. Hakuna aliyedai fedha zake kwa sababu hiyo, maana tangazo la kuonjesha halina mahali pa kushikiwa.

Kisha akaja Winston Churchill. Alipita nchi hii mwaka 1907, na katika kitabu chake cha 1908 akaiita Uganda lulu. Jina hilo bado linaishi. Bodi ya Utalii ya Uganda ilipozindua nembo mpya ya nchi mwaka 2022, lulu ya Afrika ilikuwa ndani yake. Wachache hukumbuka kwamba katika kitabu hichohicho Churchill alisimama penye maporomoko ya Ripon, pale maji yanapotoka ziwani, akaona nguvu nyingi zinapotea bure, akatamani mashine za kuzalisha umeme. Kitabu kimoja kilizaa sifa ya utalii na ndoto ya bwawa. Jinja imeishi na watoto hao wawili hadi leo, na hawapatani.

John Hanning Speke alifika Ripon tarehe 28 Julai 1862, akayapa maporomoko jina la mkubwa wa chama cha wanajiografia mjini London. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, na maporomoko ya Ripon yakazama. Mgeni anayelipa leo kwenda kuona chanzo cha Nile anaonyeshwa maji yanayozunguka mahali palipokuwa na kitu. Mahali hapo bado pana thamani. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa hapo mwaka 1948, na sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 1997 huwaleta wageni wasio na habari na Speke. Lakini mwongoza watalii anayesema wazi kwamba maporomoko yamezama anamwachia mgeni kitu cha kufikiria. Anayeonyesha povu la mkondo na kuliita Ripon anamkopa.

Historia hiyo ilijirudia mbele ya macho yetu. Mwaka 1996 kampuni za kushusha watu mtoni kwa maboti ya mpira zilianza kazi Jinja, na katika muda mfupi mji wa viwanda vilivyodorora ukapata jina jipya la mji wa michezo ya hatari. Maporomoko ya Bujagali yalikuwa sura ya biashara hiyo. Vijana wa pale walijirusha kwenye maji makali wakiwa wamekumbatia jerikeni la plastiki, na watalii waliwalipa kwa kuwatazama. Kwa Wasoga, maporomoko yaleyale yalikuwa makao ya roho wa Budhagaali. Kufikia mwaka 2012 bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilikuwa limekamilika na maporomoko yamefunikwa. Mwaka 2019 likaja bwawa la Isimba, megawati 183, chini zaidi ya mto, nalo likameza mikondo mingine. Kila mara kampuni za maboti zilihamisha mahali pa kuanzia safari.

Sasa fikirini picha ya Bujagali iliyopigwa mwaka 2005. Haizeeki. Haina tarehe pembeni. Inaweza kuwekwa kwenye kipeperushi leo, na kila kilichomo ni kweli: maji yale yalikuwepo, povu lile lilikuwepo, boti lile lilipinduka. Neno likisema uongo, mtu hulikamata. Picha husema ukweli wa jana kwa sauti ya leo, na mgeni hugundua akiwa ameshalipa. Hiyo ndiyo hatari ya kuonjesha, na ndiyo sababu sikubali kwamba njia ya upole ni njia safi kwa kuwa tu ni ya upole.

Linganisheni na jinsi michezo yenyewe inavyouzwa. Anayemrusha mtu juu ya Nile kwa kamba anataja urefu kwa mita. Anayekushusha kwa boti la mpira anakwambia daraja la ukali wa mkondo, saa utakazokaa majini, koti la kuokolea, na kwamba usiyejua kuogelea useme mapema. Huku ni kupiga debe kwa kiwango cha juu: vipimo, bei, na sauti ya kukuchokoza kama unathubutu. Lakini anayeuza hofu hawezi kuficha vipimo, kwa sababu vipimo ndivyo bidhaa. Nadhani hilo limechangia Jinja kuaminika kwa wageni kuliko shairi lolote kuhusu lulu.

Msinielewe kwamba nawatetea wapiga debe wote. Kuna kupiga debe ambako ni kumnyima mtu nafasi ya kufikiri. Wazanzibari wanawajua mapapasi wa Mji Mkongwe wanaomfuata mgeni kuanzia bandarini hadi mlangoni. Sisi tunawajua vijana wanaomzunguka mgeni akishuka tu kwenye teksi, mmoja ameshika begi, mwingine mkono. Mwanasaikolojia wa Marekani Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unaminywa, huukataa hata uamuzi ambao angeufanya mwenyewe kwa hiari. Mgeni aliyetaka mashua anaghairi kwa sababu watu sita wamempigia kelele kuhusu mashua. Wote sita wanapoteza.

Kelele hizo siku hizi zimehamia pia kwenye simu. Chumba kimoja tu kimebaki. Watu kadhaa wanatazama hoteli hii sasa hivi. Bei hii inaisha usiku wa leo. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizibana tovuti sita za kukodi vyumba, zikiwemo Expedia na Booking.com, ziache shinikizo za namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Booking.com iliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kueleza wazi kwamba chumba cha mwisho maana yake ni cha mwisho kwenye tovuti yake, na wala si lazima kiwe cha mwisho hotelini. Hoteli nyingi za kwetu zinauza vyumba kupitia tovuti hizihizi, kwa hiyo maneno yanayomkimbiza mteja yanawekwa juu ya jina lako na mtu usiyemjua. Ni vema ujue yanasema nini.

Wazungu walipata sheria kwa sababu walichoka. Mwaka 1990 Jumuiya ya Ulaya ilizitaka kampuni zinazouza safari zilizofungashwa zisipotoshe watu katika vijitabu vyao, na bei, usafiri na malazi yaliyoandikwa humo yamfunge muuzaji. Sheria hiyo haikukataza picha ya machweo. Ilichofanya ni kulazimisha kwamba penye machweo pawe pia na bei.

Kuna pia tangazo ambalo halimo katika njia hizi mbili, nalo ni marufuku. Tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 kando ya Nile, Jinja, likiwa na jina ambalo Mswahili wa pwani halitamki mbele ya mkwewe. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia, kisha akalegeza. Septemba 2022 Bunge lilitaka lisimamishwe. Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti, na likafanyika Itanda, kando ya mto huohuo. Sijui bajeti gani ya matangazo ingeweza kununua mijadala ile ya bungeni na redioni. Waandaaji hawakuhitaji kumsukuma mtu. Waliokataza ndio waliosukuma. Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani tangazo ni kile tu unacholipia.

Sasa nije huku kwetu, Mbale. Jinja inauza maji na hofu. Mbale inauza mlima, kahawa na watu. Hapo kwenye watu ndipo kipimo changu cha deni kinakuwa kizito.

Nianze na kahawa, maana hapo kuonjesha kumefanywa vizuri. Kahawa ya arabika ya Mlima Elgon ina jina duniani, na chama cha ushirika cha Bugisu kimekuwepo tangu mwaka 1954. Upande wa Sipi, Kapchorwa, wakulima wengi wameanza kumpokea mgeni shambani: anachuma, anatwanga kwenye kinu, anakaanga, anakunywa. Hii si picha ya kitu. Ni kitu chenyewe. Mgeni akiona chungu, haununui mfuko. Akipenda, ananunua akijua anachonunua. Kuonjesha kwa kweli ni huku, na ni tofauti na kumwonyesha mtu kikombe kwenye bango. Mkulima hana haja ya kupaza sauti kwa sababu amekubali kupimwa.

Maporomoko hayana wepesi huo. Picha nzuri ya Sipi, au ya maji yanayoshuka kwenye ukuta wa Wanale juu ya mji huu, hupigwa wakati maji yamejaa, yaani wakati wa mvua. Mvua hiyohiyo ndiyo inayotelezesha njia za mlimani. Ndiyo iliyoangusha ardhi Bududa Machi 2010. Ndiyo iliyojaza mito ya Nabuyonga na Namatala usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, watu wakafa humu mjini. Simwambii mtu atangaze mlima kwa picha za maafa. Namwambia asiuze picha ya msimu mmoja kwa mgeni wa msimu mwingine. Sentensi moja inatosha: Februari maji ni machache na njia ni kavu, maji yakijaa, njia ni tope, leta viatu. Mpiga debe mzuri angelisema hilo kwa sauti, na mgeni angemshukuru akiwa njiani.

Kisha kuna imbalu. Kila mwaka wa shufwa, Wamasaba hufungua msimu wa tohara katika uwanja wa Mutoto, mwezi Agosti. Vijana hupita kwa jamaa zao wakicheza ngoma ya kadodi, wamepakwa unga, hadi siku ya kusimama mbele ya ngariba bila kupepesa. Bodi ya Utalii na Inzu ya Masaaba, taasisi ya kimila ya Wamasaba, wameiona imbalu kuwa kivutio cha wageni, na sina ugomvi na wazo hilo. Mila inayotazamwa inaweza kupata fedha za kuendelea. Ninachouliza ni nini kinaahidiwa kwenye bango. Tukipiga debe kwamba mgeni atashuhudia kisu, tumeuza dakika ya maumivu ya kijana ambaye hakutia saini popote. Tukionjesha kwa picha ya uso wake uliopakwa unga, bila jina wala ruhusa, tumemuuza vilevile, tena bila bei. Sauti imeshuka, deni limebaki.

Taifa zima lilikutana na swali hili Februari 2019, pale Waziri wa Nchi wa Utalii, Godfrey Kiwanda, alipozindua shindano la wanawake wenye maumbo manene na kueleza kwamba maumbo hayo nayo ni kivutio cha utalii. Wanawake walipinga kwa hasira. Kiwanda si mtu asiyejua kutangaza. Kampeni ya Tulambule, iliyowahimiza Waganda watembee nchi yao, ni kazi iliyomjengea jina. Kosa halikuwa kwenye ukali wala upole wa tangazo. Aliahidi kitu kisicho chake. Maporomoko ni ya umma, kahawa ni ya mkulima, lakini mwili wa mtu hauna bodi ya kuuahidi kwa niaba yake.

Ndiyo maana mabishano ya kama tuwe wakali au wapole kwenye matangazo yetu huniacha na njaa. Njia zote mbili zina kazi. Mtu wa Kampala hafungi safari ya kilomita 80 kwenda Jinja kwa sababu ya bei peke yake. Kwanza lazima atamani. Naye hafungi kwa hamu peke yake. Lazima ajue bei na siku. Tuliliona hilo mwaka 2020, uwanja wa Entebbe ulipofungwa kuanzia Machi hadi Oktoba na mgeni pekee aliyebaki akawa Mganda mwenyewe. Mteja huyo anayajua mashamba, mvua na foleni ya msitu wa Mabira siku ya mkesha wa Krismasi. Humdanganyi kwa machweo. Anauliza: watoto wanalipa nusu? Chakula kimo? Kuna maegesho?

Kwa hiyo nawaachia mambo matatu ya kufanya.

Kwanza, kila picha iwe na mwaka na mwezi. Wenye hoteli mtaniambia inaharibu urembo. Herufi ndogo pembeni hazijawahi kuharibu maporomoko yaliyopo. Huharibu yale yaliyozama tu.

Pili, kila hamu iwe na bei. Onjesheni mpendavyo, lakini mahali fulani kwenye tangazo hilohilo paandikwe kiasi, kilichomo na kisichokuwemo, na simu ya mtu atakayejibu mgeni akilalamika. Bei inayotajwa gatini tu, mgeni akiwa ameshafika na watoto wanalilia mashua, ni shinikizo hata ikisemwa kwa tabasamu.

Tatu, kila uso uwe na ruhusa. Kijana wa imbalu, mama anayetwanga kahawa, mtoto wa Sipi anayepunga mkono kando ya barabara: kama sura yake inaleta wageni, aulizwe, na alipwe. Waongoza watalii wa Mbale mnaweza kulianza hili kabla ya serikali, kwa sababu ninyi mnawajua kwa majina.

Mtasema washindani hawatafuata, na wanaodanganya watajaza vyumba. Kwa msimu mmoja, ndiyo. Lakini wageni wengi wa Jinja na Mbale husafiri kwa neno la rafiki, na rafiki aliyedanganywa huwa mtangazaji hodari kuliko sote, wa upande mbaya. Tangazo lenye bei, tarehe na jina la mtu linampa rafiki huyo kitu cha kusimulia ambacho unaweza kukijibu.

Nimemaliza upande wangu. Niliowauzia mhadhara huu waliahidiwa pia muda wa maswali, kwa hiyo nauheshimu. Naomba tuanze na wenye mashua, maana nimewaona wakitikisa vichwa tangu nilipotaja bei gatini.